Bia ya kupika nyumbani, ikiingia friji tu inafanya ukungu. Nifanyeje?

Jiko_la_Fuoni
Wakuu habari za mchana. Mie mtu wa bara ila makazi yangu sasa ni Unguja, niko Fuoni, kazi yangu jikoni kwenye hoteli moja huko kusini. Siku za off napika bia yangu mwenyewe, ya kunywa mimi na washkaji wawili watatu, siuzi kwahiyo msianze na habari za leseni tafadhali.

Tatizo langu ni moja tu. Ladha iko vizuri, povu lipo, gesi ipo, lakini bia haing'ai. Na kinachonichanganya ni kwamba ikiwa kwenye ndoo pale ndani naiona safi kabisa, natia chupa, nasubiri, halafu nikiitia friji inageuka inakuwa kama maji ya kuoshea mchele. Natumia kimea cha shayiri tupu, sichanganyi mtama wala mahindi, hopsi (yale maua ya kuipa bia uchungu) naagizia, hamira ni ile US-05 ya pakti. Napika lita 20 kwenye sufuria kubwa juu ya jiko la mkaa. Maji ni ya kisima hapa nyumbani. Jelatini nimeshaitia, niliimimina kwenye ndoo siku moja kabla ya kutia chupa, sikuona tofauti. Wenzangu mnaopika mnaipataje ile rangi ya dhahabu ambayo ukiweka kidole nyuma ya glasi unakiona?

mzee_wa_busati
Chuja na kitambaa mkuu. Kile cheupe cha kuchujia tui, kunja mara nne, mimina taratibu. Kwetu komoni, pombe yetu ya kienyeji, inachujwa hivohivo na watu wanakunywa wanaenda zao.

Kimea66
Hapana mzee wangu, kwa heshima zote, kitambaa hapo hakisaidii kitu. Hamira yenyewe ni midogo sana, mikroni tano mpaka kumi hivi, na huo ukungu anaousema mwenzetu ni mdogo zaidi ya hamira, utapita kwenye kitambaa cha tui utamkuta upande wa pili anakusubiri. Halafu ukiimimina bia iliyokwisha kuiva hewani namna hiyo unaiingizia oksijeni, baada ya wiki mbili inanuka kama boksi lililolowa. Komoni ni habari nyengine, ile inanyweka siku mojamoja na hakuna anayetaka ing'ae, vivyo hivyo mbege ya Wachaga na ulezi wake, ukiichuja ikang'aa watakuuliza umeipeleka wapi.

@Jiko_la_Fuoni kabla hujaambiwa tia hiki tia kile, kuna kitu kimoja cha kufanya. Toa chupa friji, mimina glasi, iache mezani mpaka ipate joto la chumba kabisa, hapa kwetu nusu saa inatosha. Angalia. Je ukungu umeondoka au umebaki?

Jiko_la_Fuoni
Nimefanya sasa hivi mkuu. Umeondoka! Sio wote lakini inaonekana safi kabisa ukilinganisha na mwanzo. Nikairudisha friji, ukungu umerudi. Ni nini hii?

Kimea66
Basi umeshajua mgonjwa wako. Huo ni ukungu wa baridi. Sio hamira, hamira haiyeyuki kwa joto, ingebaki palepale. Sio wanga, wanga nao haujali baridi wala joto. Na sio bakteria, maana ingekuwa bakteria ungesema bia imechachuka ina ukakasi wa siki au inavutika uzi.

Kinachotokea ni hivi: kwenye kimea kuna protini, na kwenye maganda ya kimea pamoja na hopsi kuna zile tanini, ndugu wa kile kinachokaza ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokaa sana. Bia ikiwa na joto hivi viwili vinaelea kila kimoja kivyake, huvioni. Ikipoa vinashikana, vinakuwa vipande vikubwa kiasi cha kuzuia mwanga, ndo ukungu. Ikipata joto vinaachana. Ukiiacha miezi na miezi vinazoeana havitengani tena, hapo hata bia ya moto itakuwa na ukungu.

Sasa ndo maana jelatini yako haikufanya kazi. Umeitia kwenye ndoo ikiwa na joto la chumba, nyuzi 28 au 29 huko, wakati ukungu wenyewe haujazaliwa. Jelatini ikamata kitu gani? Imekamata hamira kidogo ikashuka nayo, basi. Inatakiwa bia ipoe kwanza mpaka ukungu uonekane, iwe karibu na nyuzi sifuri, moja, mbili, ikae hapo hata siku nzima, NDIPO unatia jelatini. Kijiko kimoja cha chai kwa lita 20 kinatosha, unaiyeyusha kwenye kikombe cha maji ya nyuzi 65 mpaka 70, usiichemshe, unaimimina, unaacha siku mbili tatu palepale kwenye baridi, kisha unanyonya na mpira toka juu bila kugusa mashapo.

Sururu
Friji za majumbani hazifiki nyuzi sifuri wewe. Yangu mimi inasimama kwenye tano na bado ikikatika umeme inapanda. Ndoo ya lita 20 utaitia wapi, utamtoa mama na samaki wake?

Kimea66
Haha kweli. Kwa friji ya nyuzi nne tano inafanya kazi pia ila inataka muda, wiki au wiki mbili badala ya siku tatu. Mimi nina friza ya zamani ya kifuniko cha juu nimeifunga kile kidude cha kukata umeme ikifika baridi unayotaka, na nyumbani wanajua friza ile si ya samaki. Kama huna, gawa, jaza madumu ya lita tano tano uyalaze friji kwa zamu.

Lakini mimi nikwambie ukweli, jelatini ni kusafisha nyumba baada ya watu kukanyaga na matope. Afadhali ukungu usiumbike. Kwahiyo tuambie unapikaje. Sufuria inachemka vipi, unaipoza kwa muda gani, na zile nafaka, ukishatoa maji yake ya utamu, unaziosha na maji ya moto kiasi gani?

Jiko_la_Fuoni
Kuchemka inachemka, kwa maana ya kwamba inatokota pembeni pembeni, mkaa na lita 20 unajua tena. Naiacha saa moja. Kupoza naifunika nailaza usiku asubuhi ndo natia hamira. Kuosha nafaka natia maji ya kuchemka moja kwa moja, ili nitoe utamu wote.

abu_tangawizi
Jamani hii ni Zanzibar. Mwezi wowote ule, pombe imekuwa mada ya kufundishana mitandaoni? Tumefika huku?

Sururu
Sheikh umesoma mpaka comment ya ngapi lakini 😂 kichwa cha mada kilikuwa wazi toka juu. Wapo watu wa dini zote hapa na mwenzetu kasema anakunywa kwake ndani.

Kimea66
@abu_tangawizi tumekusikia shekhe wangu, na hakuna anayekushawishi.

@Jiko_la_Fuoni enhe, hapo sasa. Kila ulichokitaja kinaleta ukungu.

Kuchemka: inatakiwa iruke, sio itokote pembeni. Ile vurugu ya maji yanayoviringika ndiyo inayogonganisha protini mpaka zishikane zitoke, utaona vinakuwa vipande vipande vinazunguka ndani ya sufuria, hiyo ndiyo dalili unayoitafuta. Mkaa hauwezi lita 20. Hamia gesi, ile ya jiko la chini la mama ntilie, au pika lita 10 tu kwa mkaa na usifunike sufuria.

Kupoza: ukilaza usiku umekosa nafasi ya pili. Ukiishusha kwa haraka, toka kuchemka mpaka nyuzi 25 hivi ndani ya nusu saa, zile protini zilizobaki zinashtuka zinaganda zinaanguka. Ikipoa yenyewe taratibu nyingi zinabaki humo humo. Nunua bomba la shaba la mafundi friji, likunje koili, litie ndani ya sufuria dakika kumi za mwisho lichemke lijisafishe, halafu upitishe maji. Maji ya bomba la hapa yana joto, yatakufikisha nyuzi 35 yatakwama, kwahiyo sufuria nayo ikae kwenye beseni la barafu. Barafu ya nje tu, usithubutu kuitia ndani, barafu ya wavuvi hujui imetengenezwa kwa maji gani.

Kuosha: hapa ndo pabaya zaidi. Maji ya kuoshea yakizidi nyuzi 77 yanachuna tanini kwenye maganda. Na wewe upo Fuoni na maji ya kisima, sivyo? Unguja ni mawe ya matumbawe chini, maji yamejaa chokaa, angalia ule utando mweupe ndani ya birika lako. Chokaa hiyo inapandisha pH, yaani inapunguza uchachu wa maji, na tanini inapenda pH ikiwa juu. Maji ya moto sana + chokaa = umejitengenezea chai ya maganda. Chemsha maji ya kisima jioni, yaache yapoe, asubuhi utakuta chokaa nyingi imetua chini, chukua ya juu mwaga ya chini. Kisha oshea kwa nyuzi 75 usizidi, na ukiona yanayotoka yameshakuwa mepesi hayana utamu, acha, usikamue.

Mkulima_Mwani_Wete
Assalaam alaykum. Mie sinywi wala sitokunywa, nimeingia humu kwa kuwa mwanangu anafanya kazi hotelini kanionesha. Ila nna suali. Hapo hamjataja mwani. Mbona wanunuzi wetu hutwambia mwani wetu unakwenda ulaya kusafishia bia? Au walitudanganya?

Kimea66
Waalaykum salaam mama. Hawakukudanganya! Na nilikuwa nakuja huko. Wazungu wana mwani wao wa bahari ya baridi, wanautia kwenye sufuria dakika 15 au 10 za mwisho za kuchemka. Kinachofanya kazi ndani yake ni karajinani, ile ute wa mwani, na karajinani hiyohiyo ndiyo inayotolewa kwenye mwani wa kwenu. Na vile vidonge vinavyouzwa madukani vya kusafishia bia vimetengenezwa kwa hiyo. Inashika protini zikiwa bado kwenye sufuria, ikipoa zote zinalala chini.

Hebu tuambie mama, wewe unapanda upi?

Mkulima_Mwani_Wete
Mie spinosamu zaidi kama wengi. Kotonii twapanda kidogo, ndio wenye bei lakini mjuzi wa nongwa, maji yakipata moto tu huo unageuka mweupe unakatika kwenye kamba, unaweza ukaenda bamvua hii (maji makubwa) ukaukuta, bamvua ijayo ukakuta taitai tupu, vile vikamba vya kufungia, zinaning'inia. Unguja kule Paje na Jambiani ambako kilimo hichi kilianza 1989 kotonii imewashinda wengi, Pemba bado tunaupata sehemu sehemu.

Kimea66
Basi anayotaka mwenzetu ni kotonii. Ute wake ni ile aina inayoitwa kapa, inaganda ngumu, ndiyo inayofaa bia. Spinosamu ute wake ni wa aina ya iota, unaganda laini laini, watu wa dawa za meno na losheni ndo wanaupenda. Sisemi spinosamu haifanyi kitu kabisa lakini kama upo karibu na mwenye kotonii usijisumbue.

Namna ya kuutumia: mwani mkavu wa pwani una chumvi na mchanga, kwahiyo uoshe maji matatu manne, ulowekwe mpaka ulainike na maji yake yasiwe na chumvi ukionja. Kisha anika tena ukauke vizuri, uusage au uukatekate vidogo. Lita 20 unataka gramu tano hivi za huo uliokauka, uloweke robo saa kabla, utie dakika 10 za mwisho maji yakiwa yanaruka. Usizidishe ukidhani ndo itang'aa zaidi, ukizidisha mashapo yanakuwa mepesi hayatulii chini na unapoteza bia nyingi.

bondo_la_ziwa
Mada tamu. Mimi wa Mwanza huku, nyie na mwani sisi na mabondo. Mnajua bondo la samaki, kile kifuko cha hewa ndani ya tumbo, sangara wetu bondo lake linapelekwa China kwa bei ambayo minofu haioni? Waingereza tangu zamani walikuwa wanasafishia bia kwa mabondo ya samaki, na hata Guinness walikuwa wanatumia mpaka miaka ya 2010 ndo wakaacha. Kuna wakati niliwaza nijaribu.

Kimea66
Usijaribu ndugu, uza bondo ununue friza 😄 Bondo halitiwi bichi, linatakiwa kulainishwa na asidi muda mrefu mpaka liwe uji. Na kazi yake kubwa ni kushusha hamira, kwa ukungu wa baridi haina msaada mkubwa. Mwenzetu hamira si tatizo lake.

Ila kwenye hamira niseme kidogo: US-05 ni nzuri lakini ina uvivu wa kutua. S-04, hamira nyengine ya pakti, inashikana inaanguka chini haraka na chupa inakuwa na mashapo magumu yasiyotimka ukimimina. Na kwa joto la huku kama huna friji ya kuumulia, tafuta kveik, ile hamira ya mashambani Norway, nyuzi 35 kwake kawaida, na nyingi zinatua vizuri. Hamira ya mkate usiiguse.

Sururu
Mimi natumia mahindi nusu kwa nusu, ukungu wangu haundoki hata nikiuanika juani. Hiyo ndo wanga?

Kimea66
Karibu nina uhakika. Nenda duka la dawa nunua aidini ya kupaka vidonda, chukua tone la maji ya kimea kabla hujayachemsha, weka kwenye sahani nyeupe, dondoshea aidini. Ikibaki rangi yake ya kahawia, uko salama. Ikigeuka bluu au nyeusi wanga bado upo haujawa sukari. Mahindi na mtama wanga wake haufunguki kwenye zile nyuzi 66 tunazolowekea kimea cha shayiri, pika kwanza uji kabisa uive, uache upoe mpaka kwenye sabini, ndo uchanganye na kimea cha shayiri ukae saa moja. Wanga ukishaingia kwenye bia hakuna jelatini wala mwani utakaoutoa.

abu_tangawizi
Nimerudi, na siku hizi hamniachi nikalala. Kwa sisi wa juisi: ya tangawizi inafanya weupe chini ya chupa wateja wanadhani imeharibika. Na huo ni wanga?

Kimea66
Ndio shekhe, tangawizi ina wanga mwingi. Ukishasaga na kuchuja usiichemshe hapohapo. Iache kwenye jagi saa moja au mbili, utaona tabaka jeupe limeganda chini, mimina ya juu taratibu, ile nyeupe iache. Ukichemsha kabla hujautoa wanga unaiva unageuka uji mwepesi na hautui tena.

abu_tangawizi
Hiyo nimeipokea. Jazakallah.

Jiko_la_Fuoni
Wakuu nimeandika yote kwenye daftari. Maswali mawili ya mwisho. Moja, jelatini za madukani Darajani nimeona hazijaandikwa za mnyama gani, kuna mshkaji wangu hanywi bia lakini ndo ananisaidia kubeba na kuosha, hataki hata kuishika kama ya nguruwe. Mbili, nikitumia kotonii ya mama wa Wete bado nahitaji jelatini?

Kimea66
Moja, tafuta iliyoandikwa ya ng'ombe au yenye alama ya halali, zipo, wapishi wa keki ndo wanajua duka gani. Isiyoandikwa iache.

Mbili, anza bila jelatini. Gesi, koili, maji ya chokaa kuyatuliza, nyuzi 75, na mwani. Chupa zikishapata gesi yake ziweke friji wiki mbili zikiwa zimesimama, halafu mimina kwa mkono mmoja bila kurudisha chupa, bakisha ule wa chini kama vidole viwili. Ukiona bado kuna ukungu mpiko unaofuata ndo uongeze jelatini. Ukitia vyote kwa pamoja ikang'aa hutajua ni kipi, na hiyo gesi ya kuchemshia si bure.

Mkulima_Mwani_Wete
Kotonii nnao uliokauka tangu bamvua iliyopita, robo kilo kwa gramu hizo zenu ni za mwaka mzima. Mwanangu anavuka Jumatatu na boti, atakuletea. Ila uoshe mwenyewe, mie nautoa na mchanga wake.